Kisima Hakimo Katika Hati

Kati ya ukingo wa Bonde la Ufa ulio juu ya mji wa Mbulu na tambarare za Basotu, magharibi ya Mlima Hanang, wanaishi majirani ambao lugha zao hazina undugu wa karibu. Wairaqw, wakulima na wafugaji wa nyanda za juu, husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao wengi wao hapa ni wa tawi la Barabaig, husema lugha ya Kinailoti. Wahadzabe wa Yaeda Chini na bonde la Ziwa Eyasi wana lugha ambayo mpaka leo haijapatiwa jamaa. Upande wa Singida wako Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu, ambao ni Wabantu. Wote wanatazama mvua zilezile na wako chini ya sheria moja ya ardhi, lakini kila jamii imepanga kwa namna yake nani apite wapi, alale wapi na aseme wapi. Mtu anayetaka kuelewa jinsi jinsia inavyomgawia mwanamke mahali pake duniani atapata mengi ya kujifunza katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, ambazo hadi mwaka 1969 zilikuwa wilaya moja.

Mazungumzo ya kawaida juu ya jambo hili huanzia kwenye mila na kuishia hapohapo. Husemwa kwamba mwanamke wa Mbulu au Hanang amefungwa na mila, na kwamba barabara, shule na hati za ardhi ndizo zitakazomfungua. Naona maelezo hayo yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeifunika nyingine. Mila za watu hawa zilimnyima mwanamke mambo mengi mazito. Lakini pia zilimwachia mahali pake, ambapo wanaume walipatambua na kupaogopa. Katika miaka sitini iliyopita, kila mara ardhi ilipopimwa, ilipogawiwa, ilipolimwa kwa trekta au ilipoandikiwa hati, mahali pa wanaume palipata angalau nafasi ya kubishaniwa. Mahali pa wanawake palipotea bila hata kubishaniwa, kwa sababu aliyeshika kalamu hakupaona kuwa ni mahali. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuijenga hapa, na nitaijenga kwa kulinganisha jamii tatu za wilaya hizi, kisha sheria ya nchi.

Wasomi wa mambo haya wametuachia msingi mzuri. Henrietta Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Wamarakwet wa Kenya, alionyesha kwamba hata sehemu ya kumwaga majivu, pumba na kinyesi cha mbuzi uani inasema nani ni nani katika nyumba. Doreen Massey, mwanajiografia wa Uingereza, alisisitiza mwaka 1994 kwamba mahali hapako tu kama jiwe lilivyo. Mahali hutengenezwa na mahusiano ya watu wanaopapita. Nayachukua mawazo hayo kwa sharti moja. Mahusiano peke yake hayamlishi mtu. Ni lazima tuulize pia nani ana haki ya kubaki mahali hapo mahusiano yakiharibika, mume akifa au akihama, au shirika la umma likija na tingatinga.

Tuanze na Wabarabaig, kwa kuwa kwao jambo hili liko wazi kuliko kwingine. Katika maskani ya mume mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake, na mume ndiye anayezunguka kutoka nyumba moja hadi nyingine. George Klima, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya ng'ombe ambao binti hupewa na baba na ndugu zake anapoolewa. Ng'ombe hao huingia katika zizi la mume, lakini mume hawezi kuwatoa apendavyo, na hatima yao ni wana wa mwanamke huyo. Alieleza pia baraza la wanawake, ambalo hukaa peke yake kwenye kivuli, mbali na wanaume, na kusikiliza mashauri ya makosa yanayowahusu wanawake wote, kama vile kumdhulumu mama aliye katika siku zake za uzazi. Mwanamume akionekana na hatia, baraza humtoza faini ya ng'ombe, na akikaidi anakabiliwa na laana ambayo wanaume wenzake hawako tayari kuijaribu. Tuzingatie maana yake: mwanamke wa Kibarabaig hakuwa na kauli katika baraza la wanaume la kugawana malisho, lakini alikuwa na mahakama yenye mahali pake, utaratibu wake na adhabu zake. Mti ule wa kivuli ulikuwa taasisi.

Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi. Bibi harusi huhamia kwa watu wa mumewe na kuanza kuepuka majina ya wakwe zake, hata maneno yanayofanana na majina hayo, hivi kwamba kuhama mahali kunakuwa pia kuhama namna ya kusema. Astrid Blystad, Ole Bjørn Rekdal na Herman Malleyeck waliandika mwaka 2007 juu ya mfumo wa kutengwa ambao Wadatoga huuita metida, ambao huwagusa kwa uzito wanawake waliofikwa na misiba ya uzazi. Mama aliyefiwa na mtoto huepukwa na kujiepusha, na njia zake za kila siku hubadilika. Waandishi hao wanaonya kwamba utengano huo una kulinda ndani yake pamoja na kutenga. Nakubaliana nao, ingawa najua kwamba ulinzi wa kundi zima unapowekwa juu ya mabega ya mama mmoja mwenye huzuni, ni yeye anayeulipia. Mila ina pande mbili, na asiyetaka kuutazama upande mmojawapo hawezi kuielewa.

Kisha ikaja ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ilianza kutafuta namna ya kulima ngano kwa mashine katika tambarare za Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likawa na mashamba saba yenye jumla ya karibu ekari 100,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Waret na Gawal. Charles Lane, aliyeichunguza habari hiyo kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu yake mwaka 1996, alionyesha kwamba ardhi iliyochukuliwa haikuwa pori lisilo na mwenyewe, kama wapangaji walivyoamini. Ilikuwa sehemu yenye rutuba kuliko zote katika mzunguko wa malisho ambao Wabarabaig waliufuata msimu kwa msimu, na kukatwa kwake kulivuruga mzunguko wote. Watu waliopita na mifugo katika njia zao za zamani walijikuta wanashtakiwa kwa kuingia shambani bila ruhusa.

Upinzani ulipopanda, ulisema kwa lugha gani? Ulizungumzia ng'ombe, malisho, na bung'eda, yale makaburi yaliyoinuliwa kwa udongo ambamo wazee mashuhuri wamezikwa, na ambayo baadhi yake yalipitiwa na majembe ya trekta. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikisema kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kugawiwa ardhi, na kwamba wengi wa wadai hawakuthibitisha kuwa wenyeji wenye haki ya kimila. Walishindwa, lakini jambo lao lilitamkwa. Makaburi ya wazee yalijulikana hadi Canada. Visima, vichaka vya kuni, njia ambazo mke wa maskani moja alizipita kwenda kwa dada yake wa maskani nyingine, na vivuli vya baraza la wanawake havikupata nafasi ya namna hiyo. Siwalaumu wazee waliosimama mahakamani. Waliitetea jamii nzima kwa hoja ambazo mahakama ingeweza kuzisikia. Lakini ndilo hasa ninalosema: mahakama iliweza kusikia kaburi la mzee kuliko kisima cha wanawake.

Hasara iliyokuwa kubwa zaidi hata haikuwa na umbo la mahali. Ng'ombe kwa Mbarabaig ni mali inayohesabiwa kwa vichwa, na kichwa ni cha mwanamume au ukoo. Maziwa ni mali ya kila siku, na kila siku iko mikononi mwa mwanamke: yeye ndiye anayekama, anayegawa, anayejua nani apewe kwanza, na anayempelekea jirani kibuyu ili kesho naye asaidiwe. Malisho ya karibu yalipokatwa, mwenye mifugo aliweza kuiokoa mali yake kwa kuisogeza mbali, na Wabarabaig wengi walikwenda na makundi yao hadi Singida, Tabora, Rukwa na kwingineko. Idadi ya vichwa ilisalimika kiasi. Maziwa yaliondoka na makundi. Mwanamke aliyebaki nyumbani na watoto wadogo na wazee alipoteza chakula, akapoteza kitu cha kubadilishana, akapoteza na sababu ya kutembeleana. Mtu akihesabu ng'ombe wa wilaya kabla na baada ya ngano, huenda asione kilichotokea ndani ya nyumba zile. Umaskini wa mwanamke unaweza kuingia huku mali ya familia ikiwa bado imesimama kwa miguu minne, mbali.

Nyanda za juu za Mbulu zina habari nyingine. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya Wairaqw, alieleza kwamba kwao ardhi mpya haikuwa mahali pa kuishi mpaka mipaka yake itengenezwe. Wazee huizungushia mipaka hiyo tambiko la masay, na ndani ya duara hilo watu, mashamba na mifugo huwa salama. Nje ya hapo ni kwa hatari. Wairaqw walianza katika eneo dogo la milima ya Kainam, wakalima kwa bidii na samadi, kisha wakaenea pande zote katika karne ya ishirini, na kila walipoenea walilazimika kuigeuza nchi ngeni kuwa kwao. Mwenye kutengeneza mpaka alikuwa mzee mwanamume. Aliyeupima kwa mwili wake alikuwa msichana. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa na uchafu unaoihatarisha mvua na ardhi ya wote, na alifukuzwa nje ya mpaka. Wengine walipokelewa na Wadatoga, wakawa wake na mama huko, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo damu za makabila haya mawili zimechanganyika. Mwanamume aliyempa mimba aliendelea kulala ndani ya mpaka.

Anayedhani kwamba hayo ni ya kale na aitazame Tanzania yote. Kwa miaka mingi shule zetu zilimfukuza mwanafunzi aliyepata mimba, na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika kuhalalisha jambo hilo. Hadi tarehe 24 Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, uzio wa shule ulifanya kazi ileile ya mpaka wa Wairaqw: kulinda usafi wa kundi kwa kumtoa nje binti, mara nyingi bila kumgusa aliyekuwa naye. Tofauti ni kwamba Wairaqw walikuwa na majirani ambao wangeweza kumpokea. Wizara haikuwa na majirani. Kwa hiyo sikubali mgawanyo unaoweka mila upande wa kufunga na dola upande wa kufungua. Dola ilipojenga mahali papya, mara nyingi ilijenga kwa kanuni za zamani, na safari hii zikiwa na muhuri.

Je, wanawake wa Kiiraqw waliyapokea hayo kimya? Hapana. Katherine Snyder, katika makala yake ya mwaka 1997, alichunguza tambiko la masay pamoja na maandamano ya wanawake dhidi ya mamlaka ya wazee, na nadhani alifanya vyema kuyaweka pamoja. Pingamizi linalosikika mara kwa mara ni kwamba wanawake wenyewe wanaikubali nafasi yao, kwa hiyo si haki kwa mtu wa nje kuwasemea. Lakini jamii yenye mahakama ya wanawake upande mmoja wa mlima, na maandamano ya wanawake upande mwingine, haiwezi kuelezwa kuwa jamii ya wanawake wanaokubali tu. Wanakubali mambo mengi na kupinga mengine, kama watu wote, na wanapopinga hutumia mahali: huacha nyumba, hukusanyika, hupita njia kwa wingi. Anayesema wamekubali amesikiliza barazani tu, mahali ambapo hawakupewa kiti.

Wahadzabe wanatufundisha jambo la tatu. Kwao wanawake ndio wanaojenga vibanda vya nyasi, na mara nyingi kambi hukusanyika kwa kufuata undugu wa wanawake, mama na binti zake. Wanaume huwinda na kurina asali. Wanawake huchimba mizizi, huchuma matunda pori na kuokota mabuyu. Utafiti wa Brian Wood na wenzake uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia mienendo ya Wahadzabe kwa vifaa vya satelaiti, ulionyesha kwamba wanaume huenda mbali zaidi, kwa njia zilizopinda zaidi, na mara nyingi peke yao, wakati wanawake huenda kwa makundi. Mtu wa haraka atasema hapo kwamba basi nchi ya wanaume ni pana, ya wanawake ni nyembamba. Mimi naona lingine. Uwanja wa mwanamke ni wa karibu lakini ni wa lazima: mizizi iko pale ilipo, maji yapo pale yalipo, na mtoto yuko mgongoni. Mwindaji akikuta bonde limelimwa, hupinda njia. Mchimbaji akikuta uwanja wake wa mizizi umelimwa mahindi, hana pa kupinda. Wakulima na wafugaji walipozidi kuingia Yaeda kutafuta maji na udongo mzuri, waligusa kwanza sehemu zilizo karibu na maji, na hizo ndizo zilizokuwa jikoni kwa wanawake.

Ndiyo maana naiona hatua ya mwaka 2011 kuwa mojawapo ya zilizo muhimu zaidi katika historia ya ardhi ya eneo hili. Mwaka huo Wahadzabe wa Yaeda, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima. Hati hiyo haikumgawia kila mtu kipande chake. Iliuandika uwanja mzima, pamoja na matumizi yake, na kwa kufanya hivyo iliiandika mizizi. Sidai kwamba imemaliza uvamizi, maana karatasi haifukuzi ng'ombe wala jembe. Ninachosema ni kwamba kwa mara moja sheria ilitumika kulinda mahali ambapo mwanamke anafanya kazi, na haikuishia kwenye mstari unaozunguka nyumba ya mwanamume.

Hapa tunafika kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi ni sawa na ya mwanamume, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Ukisoma maneno hayo katika miji ya wilaya hizi, Katesh au Dongobesh, utadhani kazi imekwisha. Lakini pembeni yake imebaki ile Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyotungwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, na ambayo inasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka amri hiyo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri ubaguzi uliomo lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Mjane wa Mbulu, kwa hiyo, ana sheria moja inayompa shamba na nyingine inayompa watoto wa kumtunza, na anayechagua ipi isomwe siku ya matanga kwa kawaida ni shemeji yake.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kuandika jina la mwanamke kwenye kila hati ya shamba. Naunga mkono jambo hilo bila kusita. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na ni aibu kwamba miaka arobaini baadaye hati nyingi bado zina jina moja. Lakini jina kwenye shamba halitoshi, na linaweza hata kuficha hasara. Mwanamke wa wilaya hizi hali kwa shamba peke yake. Anakula kwa shamba, kwa kisima, kwa msitu wa kuni na dawa, kwa njia ya kwenda mnadani, na kwa watu anaowakuta njiani. Kijiji kinaposhughulikia mpango wa matumizi ya ardhi, ramani hugawanywa kuwa makazi, kilimo, malisho, msitu na huduma. Kichaka ambacho wanawake wa vitongoji vitatu hukata kuni huandikwa kilimo kwa kuwa kiko kwenye udongo mzuri. Mkulima mmoja hupimiwa, labda pamoja na mkewe, na majina yote mawili yanaingia kwenye hati. Mke huyo amepata haki. Wanawake wengine thelathini wameongezewa mwendo. Mtetezi wa haki za wanawake akitazama hati hiyo atafurahi, na atakuwa amekosea hesabu.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linastahili heshima. Linasema: wanaume nao wanabanwa na nafasi. Kijana wa Kidatoga anapelekwa na mifugo wiki nzima mbali na shule, analala porini, anakutana na wezi na wanyama. Kijana wa Kiiraqw asiye na shamba anaondoka kwenda kutafuta vibarua mijini. Kwa nini tumlilie mwanamke peke yake? Nakiri kwamba ugumu huo ni wa kweli, na kwamba vijana wengi wameachwa nje ya mipaka ambayo wazee wao waliitengeneza. Hata hivyo kijana yule anateseka katika safari ambayo mwisho wake, akibahatika, ni kuwa mwenye zizi. Mateso yake yamepangwa kama njia ya kuelekea kwenye haki. Ya dada yake hayaelekei huko. Anachota maji kwa mama yake, kisha kwa mama mkwe wake, na akizeeka anachotewa na mke wa mwanawe. Katika nyumba zote hizo anakaa kwa sababu ya mtu mwingine: kwanza baba, kisha mume, kisha mwana.

Pingamizi la maendeleo lina nguvu ya namna nyingine. Kampeni ya kumtua mama ndoo kichwani imeleta mabomba karibu, bodaboda zinafika vijiji ambavyo gari halikuwahi kufika, simu inamwezesha mwanamke kujua bei ya vitunguu na kupokea fedha bila kumpitia mtu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imeokoa maisha ya mama wengi wasiohesabika. Hakuna mtu mwenye huruma anayeweza kutamani mwendo mrefu wa ndoo urudi. Lakini umbali kwa mwanamke haupimwi kwa kilomita tu. Mjamzito aliye kilomita kumi kutoka zahanati, na ambaye nauli ya bodaboda iko mfukoni mwa mume aliye mnadani, yuko mbali kuliko aliye kilomita thelathini mwenye fedha yake na ruhusa yake. Na bomba likiwekwa katikati ya senta, mbele ya vibanda ambavyo wanaume hukaa kutwa nzima, limeondoa mzigo na limeondoa pia mahali ambapo wanawake waliongea bila kusikilizwa. Wahandisi wa maji wangeweza kuuliza jambo hilo kabla ya kuchimba. Ni swali la dakika chache katika mkutano, ikiwa watakaoulizwa wameitwa kwenye mkutano huo.

Huambiwa pia kwamba wanawake wameshaingia kwenye uongozi. Mary Nagu alikuwa mbunge wa Hanang kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, na waziri kwa muda mrefu; nchi nzima inaongozwa na mwanamke tangu Machi 2021. Hayo si madogo, na binti wa Endasak aliyekua akiiona picha ya mbunge wake ukutani amekua na wazo ambalo bibi yake hakuwa nalo. Ila mbunge haamui mpaka wa kichaka. Hilo huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya matumizi ya ardhi na baraza la ukoo, na huko idadi ya viti haijawa sawa na uzito wa kauli. Mjumbe mwanamke ambaye ameolewa kijijini hapo huambiwa, waziwazi au kwa macho, kwamba yeye ni wa kuja, kwamba historia ya mipaka haijui. Kuolewa kwenda kwa watu wa mume, jambo ambalo kila mtu analiona la kawaida, ndilo linalomnyang'anya ushahidi. Katika mgogoro wa ardhi, ushahidi ni kumbukumbu ya mahali, na kumbukumbu ya mwanamke ya utotoni iko katika kijiji kingine.

Nafikiri jibu la jambo hilo lipo, nalo ni la kazi zaidi kuliko la nadharia. Mwanamke aliyeolewa Gehandu miaka ishirini iliyopita huenda hajui nani alimpa nani shamba mwaka 1974, lakini anajua kisima gani hukauka mwezi gani, njia gani haipitiki wakati wa masika, kichaka gani kimebaki, na nyumba ipi imekosa maziwa. Hiyo pia ni kumbukumbu ya mahali, na kwa kupanga matumizi ya ardhi ina thamani kuliko ile ya kwanza. Kamati za vijiji zikiitaka kama ushahidi, kwa kuwatembeza wanawake kwanza, bila wanaume, na kuchora walichokionyesha kabla ya mstari wowote wa shamba kuwekwa, basi visima, njia na vichaka vinaweza kuandikwa kuwa ardhi ya pamoja. Sheria ya mwaka 1999 tayari inaitambua ardhi ya pamoja ya kijiji. Yaeda imeonyesha kwamba hati ya namna hiyo inapatikana.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimomonyoka, na matope, mawe na magogo yakaushukia mji wa Katesh pamoja na Gendabi, Jorodom na vijiji vingine. Watu 89 walithibitishwa kufa. Waliopoteza nyumba walijengewa makazi mapya Waret, jina lilelile la mojawapo ya mashamba ya ngano ya zamani. Ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa wafugaji kwa ajili ya trekta imegeuka tena, safari hii kuwa makazi ya watu walioponea chupuchupu. Katika mji mpya kila kitu hupangwa kwa mara ya kwanza: bomba liwe wapi, soko liwe wapi, msitu wa kuni uwe upande gani, mti upi uachwe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili, isipokuwa hati ikisema wazi vinginevyo. Kwa hiyo hati za nyumba ndizo sehemu rahisi. Uzito uko katika nafasi iliyo kati ya nyumba na nyumba, ambayo bado haijapata mwenyewe wala jina, na ambayo siku moja mtu ataijia na kamba ya kupimia.